Bosi wa Hatua ya Tisa

Studio ya gemu, ghorofa ya tatu
Tarehe 4 Februari

Kaka,

Nimekupigia mara kumi na nne tangu mwaka uanze, na kila mara simu inaita mpaka inachoka yenyewe. Basi narudi kwenye karatasi, maana barua hujawahi kuiacha bila jibu.

Nimepata kazi mpya. Redio nimeiaga. Hii ni kampuni inayotengeneza gemu, na mimi ndiye fundi wa sauti: kila kinachopasuka, kinachovunjika au kupiga kelele ndani ya mchezo kinapita mezani kwangu. Wiki hii nimerekodi kabichi ikivunjwa kwa goti. Ndani ya gemu itakuwa shingo ya roboti.

Sasa kaa chini kabla hujasoma inayofuata. Nyota wa gemu ni Tufani. Ndiyo, mwimbaji huyo huyo uliyempigia gitaa miaka kumi na moja, na ambaye hamjasemezana miaka saba. Wamempiga picha kila upande, sasa yumo ndani ya mashine na kifua mara mbili ya kile alichozaliwa nacho. Hadithi yenyewe usiniulize nani kaitunga. Majeshi ya chuma yameteremka kuiba sauti zote duniani, mpaka watoto wanalia bila kusikika. Tufani peke yake ndiye amebaki na sauti. Gitaa lake linatema makombora. Anaruka kutoka kwenye helikopta akiwa amekalia piano, anatua juu ya kifaru, na wimbo haukatiki. Hatua ya nne anaangusha meli ya angani kwa kuirushia spika. Ziko hatua kumi. Vijana wa ofisini wanasema ni upuuzi mtupu, na hawaachi kuicheza.

Nina ombi. Ndani ya bahasha kuna flashi yenye sauti saba. Moja itakuwa mlio wa hilo gitaa la makombora. Sikiliza, uniambie ipi. Wewe ndiye uliyenifundisha kusikia. Ulikuwa ukikaa jikoni unajua waya gani umelegea kwenye gitaa la sebuleni.

Mdogo wako


Kambi ya bwawa
Tarehe 19 Februari

Mdogo wangu,

Hongera sana. Kabichi nimecheka nayo siku mbili.

Simu huku hazishiki. Milima imetuzunguka kama ukuta. Usijichoshe kupiga, we andika tu. Gari la mizigo linaleta barua kila Alhamisi.

Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile: nafungua mitambo inayozungushwa na maji, natoa vyuma vilivyochoka, naweka vipya, napaka grisi. Chumbani tuko wawili. Mwenzangu anaendesha buldoza. Ana roho nzuri na soksi mbaya.

Flashi nimeisikiliza. Chukua ya tatu. Ina uzito.

Kuhusu Tufani, mimi sina neno naye. Usimsalimie, lakini usimnyime chai.

Hao wa chuma wanaoiba sauti, wanazipeleka wapi? Aliyetunga ameeleza?

Kaka yako


Studio
Tarehe 8 Machi

Kaka,

Tufani ameanza kurekodi. Nilidhani atakuja na msafara. Alikuja peke yake, dakika kumi kabla ya saa, na chupa yake ya chai kwapani. Kwa siku tatu amepiga kelele mia mbili na kumi na mbili: za kuruka, za kuanguka, za kuungua, za kupigwa tumboni, za kupigwa tumboni na roboti kubwa zaidi. Kila moja na ladha yake. Haringi. Akikosea anasema, "Nirudie, fundi." Hakujua mimi ni nani kwako mpaka juzi.

Juzi tulifika hatua ya tisa. Kila hatua ina bosi wake wa kupigana naye mwishoni, na picha ya huyu ilikuwa ukutani. Mtu mrefu, mwembamba, mikono minne ya chuma, magitaa mawili, yote ameyashika kwa shoto. Chini wameandika: Msaliti. Uso ni wako, kaka. Hata kipara kinachoanzia utosini wamekichora. Nilimuuliza mchoraji, akasema picha ya kunakili uso huo aliileta Tufani mwenyewe.

Nikasimamisha mashine. Nikamwambia, "Huyu ni kaka yangu."

Akasema, "Basi utaniambia wewe. Watu elfu tisa uwanjani. Katikati ya wimbo kaka yako analaza gitaa sakafuni, anashuka jukwaani kama mtu anayekwenda msalani. Mpaka leo hajarudi. Nilimpigia mwezi mzima. Nilimkosea nini?"

Nikaiwasha tena mashine. Hata sisi nyumbani ulituambia umechoka na muziki, mama akasema muacheni, tukakuacha.

Halafu akarekodi maneno ya mwisho ya hatua hiyo, pale anapokupiga kombora la kifua: "Kufa, msaliti." Alirudia mara kumi na saba. Ya kumi na saba sauti ikamkatikia njiani, akaomba maji, akatoka nje.

Swali langu ni moja. Ni kweli?

Na jingine dogo. Sauti ya tatu kwenye flashi haikuwa gitaa. Nilikosea kuhamisha, ni mngurumo wa friji ya ofisini. Wewe unasema ina uzito. Kama hukuwa na nafasi ya kusikiliza ungeniambia tu, nisingeumia. Sasa nimeumia.

Mdogo wako


Kambi ya bwawa
Tarehe 25 Machi

Mdogo wangu,

Ni kweli. Nililaza gitaa nikashuka. Tufani hakunikosea kitu.

Wachore wanavyotaka. Mikono minne ingenifaa sana kwenye mitambo.

Nisamehe kwa friji. Kazi zilikuwa nyingi.

Usije ukaacha kazi kwa ajili yangu.

Kaka yako


Kambi ya bwawa, chumba namba 6
Tarehe 27 Machi

Dada,

Hunijui. Mimi ndiye mwenye soksi, kaka yako aliniambia amekuandikia habari zake. Naendesha buldoza, na nalala kitanda cha pili chumbani kwa kaka yako. Anwani nimeinakili kwenye bahasha yako, ndani sijachungulia. Baba yangu alikuwa karani wa posta, kuna mambo kwetu hayafanyiki.

Nakuandikia kwa sababu nimeshindwa kubeba peke yangu. Dada, huku simu zinashika vizuri kabisa. Mimi naongea na mke wangu kila siku, na mara nyingine natamani mtandao ukatike apumzike kunigombeza, haukatiki. Simu ya kaka yako inaita juu ya kitanda, inatetemeka, yeye anaitazama tu. Hasikii. Sikio la kushoto ni jiwe. La kulia linadaka mngurumo wa mitambo na si zaidi ya hapo.

Ukiongea naye umempa mgongo, umeongea na ukuta. Ukimtazama anakujibu sawasawa, maana anasoma midomo. Taa zikizimwa haongei kabisa. Mwanzo nilidhani ni mtu wa sala.

Ile flashi yako alinivalisha mimi hedifoni, akakaa mbele yangu ananitazama uso. Mimi ya tatu ilinikumbusha nyumbani, nikatabasamu. Akaandika ya tatu. Kama ilikuwa mbaya, kosa ni langu.

Nisingesema, lakini Jumatatu lori la kokoto lilikuwa linarudi nyuma. Dereva alipiga honi mpaka watu wa ng'ambo wakageuka. Kaka yako alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Nilimvuta kola, shati likachanika mpaka mgongoni, na yeye akanigombeza kwa ajili ya shati, maana tairi hakuliona lilipopita. Nilipomwonyesha alama yake kwenye vumbi, alikaa juu ya jiwe mpaka muda wa chakula ukapita.

Mkuu wa kambi akijua, anaweza kumfukuza. Asipojua, tutamzika. Mimi ni mtu wa kusukuma udongo tu, hapa sijui nianzie wapi. Wewe ni damu yake.

Dereva wa buldoza


Studio
Tarehe 10 Aprili

Kaka,

Mwenzako ameniandikia. Usimgombeze, la shati limeshatosha.

Barua yake nimekaa nayo siku nne. Kazi yangu mimi ni masikio kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nasikia mtu akivaa saa mkononi nyuma ya maikrofoni, namwambia aivue. Na sikukusikia wewe. Ulipokuja nyumbani likizo nilikuita kutoka chumbani mara tatu, hukuja, nikamwambia mama, "Huyu siku hizi ana dharau." Mama akanyamaza. Sasa najiuliza kama yeye alijua.

Sikulaumu. Nina maombi mawili, na yote mawili ni magumu.

La kwanza, kamwambie mkuu wako wewe mwenyewe, kabla lori halijamwambia. Kwenye ofisi hizo lazima ipo kazi isiyohitaji masikio. Na hapa mjini kuna daktari wa masikio. Nimeuliza, kuna vifaa vya kusikilizia siku hizi si kama vile vya zamani vilivyokuwa vinapiga mluzi.

La pili, mwandikie Tufani. Sauti zote za gemu zinafungwa mwisho wa Mei. Baada ya hapo utabaki msaliti kwa kila mtu atakayeshika pedi ya kuchezea gemu. Ningeweza kumwambia mimi, nakaa naye kila siku kioo tu katikati yetu. Sijamwambia. Hili si langu.

Mdogo wako


Kambi ya bwawa
Tarehe 24 Aprili

Tufani,

Hii ni barua ya Shoto. Kama utaichana, soma kwanza.

Sikio langu la kushoto lilianza kufa mwaka mmoja kabla ya uwanja. Nikawa nasimama upande wako wa kushoto ili la kulia likuelekee. Daktari aliniambia niache spika kubwa; nikamwambia nitaacha mwisho wa ziara. Siku ile ya uwanja, kwenye ubeti wa pili, lile la kulia likajifunga. Si kama kelele zinapopungua. Ni kama mtu amefunga mlango. Nilikuwa naona ngoma zinapigwa, sizisikii. Vidole viliendelea vyenyewe, lakini nilimwona mpiga besi ananikunjia uso, nikajua napiga ovyo mbele ya watu elfu tisa. Nikalaza gitaa.

Simu zako zote niliziona. Ningepokea vipi?

Kwa nini sikusema. Mpiga gitaa kiziwi ni kichekesho, na nilishawahi kukicheka mwenyewe, kwa hiyo nilijua kinavyochekwa. Halafu nilikujua wewe. Ungesimamisha ziara. Ungenibeba kama yai, unizungushe kwa madaktari, watu kumi na wanne wa bendi wakose kazi kwa ajili yangu. Nikaona heri uniite mbaya kuliko uniite maskini.

Nilikosea.

Msaliti wako muache kama alivyo. Nasikia ana magitaa mawili, ameendelea kuliko mimi.

Shoto


Nyumbani kwa Tufani
Tarehe 9 Mei

Shoto,

Sijaichana. Nimeisoma nimesimama, nimeisoma nimekaa, na mke wangu akanisomea kwa sauti kwa sababu nilisema labda kuna kitu nimeruka.

Miaka saba nimekuchukia kwa bidii, kaka. Nilikuwa na ratiba. Asubuhi nikipasha sauti joto nakukumbuka, nakuchukia kidogo, naendelea. Mwaka ule wa mwisho nilikuwa nasikia unavyokosea, nikawaambia wenzetu Shoto ameanza kunywa, wakaniamini. Jina hilo la mlevi nilikupa mimi na limekaa nawe muda wote huo. Hilo nalo utanisamehe ukitaka.

Lakini nimekasirika upya, na safari hii nina haki. Kukubeba kama yai ilikuwa kazi yangu. Bendi ilikuwa yangu, ziara yangu, hasara yangu. Nani alikutuma kuniamulia? Ulinipa msaliti wa kuishi naye wakati nilikuwa na rafiki mgonjwa.

Mengine siyawezi kwenye karatasi. Nitakuja.

Tufani


Kambi ya bwawa
Tarehe 20 Juni

Mdogo wangu,

Alikuja. Aliendesha mwenyewe, akapotea mara mbili, akafika amechafuka vumbi mpaka kope. Wafanyakazi wote waliacha kazi. Mpishi alidai apigwe naye picha, na sufuria yake.

Tulikaa kwenye benchi nyuma ya karakana. Aliongea kama dakika kumi, mikono inaruka, macho yamelowa, na mimi sikupata hata neno moja. Umeona ndevu anazofuga siku hizi? Zimefunika mdomo wote. Nikamwambia, "Tufani, mimi nasoma midomo. Hizo ndevu sizisikii." Alinitazama, akacheka mpaka akashika mbavu, akaondoka kwenda kulala chumba cha wageni. Asubuhi alirudi amenyoa kabisa, kidevu cheupe kama yai la kuchemsha, na kikovu ambacho sikuwahi kukijua. Akakaa, akaanza upya tangu mwanzo. Taratibu. Nilipata kila neno. Mengine yalikuwa makali, na yalinistahili.

Alipoondoka nilienda kwa mkuu wa kambi. Nilishajiandaa kufunga mizigo. Alinisikiliza, akasema kwa miezi mitatu amekuwa akijiuliza kwa nini simjibu kwenye redio ya mkononi, akadhani simheshimu. Kunifukuza hakunifukuza. Nimetolewa kwenye njia za malori, sasa nakaa ndani, natazama vipimo vya mitambo na kuandika namba. Ni kazi ya kusinzia, lakini hakuna kitu kinachorudi nyuma kunifuata. Mshahara umepungua kidogo. Daktari wako nimemwona tarehe kumi na mbili. Kifaa kiko sikio la kulia. Kwa sasa kila kitu kinasikika kama bati linaburutwa, hata mpishi akinisalimu. Amesema nivumilie.

Neno moja la kazi. Tufani alituachia gemu ya majaribio, tumeifunga kwenye runinga ya ukumbi wa chakula. Nimekufa mara kumi na tisa hatua ya kwanza. Kuna mtu humo ndani anatoa maagizo kwa sauti, "Adui nyuma yako," na mimi naendelea kwenda mbele kama ng'ombe. Wenzangu walidhani ni ujasiri. Wekeni maandishi chini ya skrini. Na pedi itetemeke kutoka upande adui anakotokea. Siombi kwa ajili yangu tu.

Kaka yako


Studio
Tarehe 2 Agosti

Kaka,

Gemu imekamilika. Nakala yako hii hapa, ya tatu kutoka mashineni; ya kwanza ni ya mkurugenzi na ya pili imepotea, na tunamjua aliyeipoteza.

Maandishi yamewekwa. Nimeyaandika mimi, mistari elfu moja na mia nne, pamoja na "roboti anakoroma" na "kifaru kinapiga chafya." Pedi inatetemeka kushoto na kulia. Waliposema itachukua muda mwingi niliwapigia sauti ya lori likirudi nyuma, nikawaeleza. Hakuna aliyebisha tena.

Lingine. Tufani aliporudi kutoka huko aliwaambia wakubwa anataka hatua ya tisa ifunguliwe. Wakamwambia sauti zimeshafungwa. Akasema, "Basi na uso wangu ufungeni, msiutumie." Ukizingatia kwamba alikuja kusema hivyo bila ndevu, na mabango yote mjini yana ndevu, walishaona kwamba huyu hana utani. Wakafungua. Alirekodi mara moja tu. Sikumwambia arudie.

Amesema nini, sikuambii. Fika mwenyewe.

Mdogo wako


Kambi ya bwawa
Tarehe 25 Agosti

Mdogo wangu,

Tumefika. Imetuchukua siku tisa, kila siku baada ya kazi, watu kumi na mmoja na pedi mbili. Dereva wa buldoza anaendesha kifaru vibaya kuliko nilivyotegemea. Mpishi ndiye bingwa wa piano; anatua juu ya vifaru kama anaweka kifuniko kwenye chungu. Sijafa kwa kutokusikia hata mara moja. Nimekufa kwa uzembe, kama watu wengine.

Hatua ya tisa walinipa mimi. Walisema mwenye uso ndiye apigane naye. Nikamkuta kasimama kwenye magofu ya uwanja, magitaa mawili, kipara changu kinang'aa. Aliniua mara sita. Ni mgumu, mmemtendea haki. Mara ya saba nilimpata kwa kombora la kifua, akaanguka kwa magoti, na mimi nikajiandaa kusoma yale maneno niliyokuwa nayajua.

Tufani akaenda akachuchumaa mbele yake. Chini pakaandikwa: "Mbona hukusema?"

Basi. Hakuna kingine.

Niliangalia ukumbini. Midomo yote ilikuwa imefungwa. Sijui ni wangapi walielewa. Dereva wa buldoza alielewa, maana aligeuka akajifanya anatafuta soksi. Yule wa kwenye skrini alibaki amepiga magoti, na gemu inasubiri, haiendi mbele wala nyuma. Nikasema, "Niliona aibu." Nilidhani nimesema moyoni. Mpishi akanigusa bega, akaniambia huku akinitazama ili nimsome, "Tumesikia. Sasa bonyeza."

Nikabonyeza. Tufani akampa mkono. Jamaa akainuka na mikono yake yote minne, akasimama upande wa kushoto wa Tufani, na pedi ya pili ikaanza kutetemeka juu ya meza. Kumbe kuanzia hapo anachezeka. Watu watano waliigombania.

Hatua ya kumi tuliilipua yote. Ngome, madaraja, meli zao za angani, hata choo cha jenerali. Sauti zote zilizoibwa zikatoka kwa pamoja, maandishi yakajaa skrini nzima mpaka nikashindwa kuyasoma, na kifaa sikioni kikapiga kelele kama bati mia moja. Sikukitoa.

Kaka yako